Moli na kugeuza moli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwaka kwa wanafunzi wa sekondari wa Lubumbashi, hasa wanaojiandaa kwa Mtihani wa Serikali katika masomo ya sayansi. Mifano mingi ni ya shaba, kwa kuwa malakiti (jiwe la kijani lenye shaba) na sulfati ya shaba si vitu vigeni hapa. Namba zimeandikwa kwa koma kama kwenye vitabu vyetu vya Kifaransa: 63,5 ni sitini na tatu na nusu.

## Misingi

1. Moli ni nini hasa?

Moli ni idadi. Moli 1 ya kitu ni chembe 6,02214076 × 10²³ za kitu hicho; darasani 6,02 × 10²³ inatosha. Ukiiandika yote utapata 602 214 076 ikifuatwa na sifuri 15.

Chembe hizo zinaweza kuwa atomu, molekuli, ioni au elektroni. Ndiyo maana ukitaja moli ni lazima utaje na chembe yake. "Moli 2" peke yake haijakamilika; "moli 2 za atomu za shaba" imekamilika.

Tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa iwe kamili, haipimwi tena. Kabla ya hapo moli ilielezwa kuwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Vitabu vingi mnavyotumia bado vina maelezo hayo ya zamani. Msihangaike nayo: kwa hesabu za sekondari majibu ni yaleyale.

2. Kwa nini tusihesabu kwa gramu tu?

Kwa sababu vitu huungana chembe kwa chembe, si gramu kwa gramu. Katika CuS, atomu moja ya shaba inashikana na atomu moja ya salfa, lakini atomu ya shaba ni nzito karibu mara mbili ya ile ya salfa (63,5 dhidi ya 32,1). Ukichanganya gramu 10 za shaba na gramu 10 za salfa, umeweka moli 0,157 za shaba na moli 0,312 za salfa. Karibu nusu ya salfa itabaki bila mwenzake.

Mizani haioni chembe, inaona gramu tu. Fundi anayenunua misumari kwa kilo yuko katika hali hiyohiyo: akijua uzito wa msumari mmoja, anajua amepata mingapi bila kuihesabu. Masi ya moli, yaani gramu za moli 1, inafanya kazi hiyo kwa atomu.

3. Moli na molekuli ni kitu kimoja?

Hapana. Molekuli ni chembe moja, haionekani kwa macho. Moli ni idadi kubwa ya chembe, na unaweza kuishika mkononi: moli 1 ya maji ni gramu 18,0, yaani kama vijiko vinne vidogo.

4. Avogadro ndiye aliyeipata namba yake?

Hapana. Amedeo Avogadro, Mwitalia, alitoa mwaka 1811 wazo kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na presha zilezile, zina idadi sawa ya molekuli. Alifariki mwaka 1856 bila kuijua idadi hiyo. Johann Josef Loschmidt ndiye aliyefungua njia ya kuikadiria mwaka 1865, na Mfaransa Jean Perrin akapendekeza mwaka 1909 ipewe jina la Avogadro.

## Masi ya moli

5. Masi ya moli inapatikanaje?

Soma masi ya kila atomu kwenye jedwali la elementi, zidisha kwa idadi yake ndani ya fomula, kisha jumlisha. Kipimo chake ni gramu kwa moli, g/mol.

Chukua malakiti, lile jiwe la kijani, Cu₂CO₃(OH)₂. Shaba: 2 × 63,5 = 127. Kaboni: 12. Oksijeni ya kwanza: 3 × 16 = 48. Mabano yana O na H, na 2 iliyo nje inazidisha vyote viwili: 2 × (16 + 1) = 34. Jumla ni 221 g/mol. Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha H peke yake na kuiacha O, na jibu likawa 205.

Kutokana na hesabu hiyo unajua pia sehemu ya shaba ndani ya malakiti safi: 127 ÷ 221 = 57,5 %.

Tahadhari kwa wanaosoma kwa Kifaransa: Na ni sodium na N ni azote. Kila mwaka kuna anayeichukua 14 akidhani ni ya sodiamu. Sodiamu ni 23.

6. Moli 1 ya oksijeni ni gramu 16 au 32?

Inategemea chembe. Moli 1 ya atomu O ni gramu 16. Moli 1 ya molekuli O₂ ni gramu 32. Oksijeni ya hewani ni O₂, kwa hiyo swali likitaja gesi ya oksijeni, tumia 32. Haidrojeni, nitrojeni na klorini nazo hutembea mbilimbili: H₂, N₂, Cl₂.

7. Kwa nini shaba ni 63,5 na si namba kamili?

Hakuna atomu hata moja ya shaba yenye masi 63,5. Shaba ya asili ina isotopu mbili, yaani aina mbili za atomu zake zenye masi tofauti: shaba-63, karibu 69 % ya atomu, na shaba-65, karibu 31 %. Namba ya jedwali ni wastani wao. Klorini, yenye 35 na 37, inatoa 35,5 kwa sababu hiyohiyo.

8. Chumvi haina molekuli. Tunasemaje moli ya NaCl?

Tunahesabu vizio vya fomula, yaani jozi za ioni moja ya Na⁺ na moja ya Cl⁻. Masi ya moli ni 23 + 35,5 = 58,5 g/mol. Hesabu haibadiliki. Kumbuka tu kwamba moli 1 ya NaCl ikiyeyuka inatoa moli 2 za ioni kwa jumla, na moli 1 ya CaCl₂ inatoa 3.

9. Ile "·5H₂O" kwenye sulfati ya shaba ihesabiwe?

Ndiyo, daima, ikiwa unapima fuwele za bluu. CuSO₄ kavu ni 159,5 g/mol. CuSO₄·5H₂O ni 159,5 + 5 × 18 = 249,5 g/mol. Maji hayo si unyevu ulioingia kwa bahati. Yamejengwa ndani ya fuwele na yana uzito.

Soma lebo ya kopo kabla ya kugusa mizani. Unga mweupe ni sulfati kavu. Fuwele za bluu zina maji. Ukiona bluu iliyofifia yenye madoa meupe, sehemu ya maji imeondoka, na hapo hakuna masi ya moli unayoweza kuitegemea. Hasara ya kukosea hapa iko kwenye swali la 16.

## Kugeuza

10. Nitajuaje kama nizidishe au nigawanye?

Moli ndiyo njia panda. Kila safari inapita hapo.

Gramu kwenda moli: gawanya kwa masi ya moli. Moli kwenda gramu: zidisha kwa hiyohiyo. Moli kwenda chembe: zidisha kwa 6,02 × 10²³. Chembe kwenda moli: gawanya. Hakuna barabara ya moja kwa moja kutoka gramu hadi chembe, wala kutoka gramu za kitu kimoja hadi gramu za kitu kingine.

Usikariri, andika vipimo. Waya wa shaba wa gramu 12,7: g ÷ (g/mol) inaacha mol, kwa hiyo 12,7 ÷ 63,5 = 0,200 mol. Kisha 0,200 × 6,02 × 10²³ = 1,20 × 10²³ atomu. Ungezidisha mwanzoni, ungepata g²/mol, kipimo kisicho na maana, na karatasi yenyewe ingekuonya. Hesabu ya uwiano mnayoiita règle de trois inafika palepale, mradi kila safu iwe na jina la kitu na kipimo chake.

11. Kilo ya shaba na kilo ya kobalti, ipi ina atomu nyingi?

Kobalti. 1000 ÷ 58,9 = 17,0 mol, dhidi ya 1000 ÷ 63,5 = 15,7 mol kwa shaba. Uzito ukiwa sawa, chenye atomu nyepesi kina atomu nyingi zaidi.

12. Kikokotoo kinanipa jibu la ajabu. Nini kimeharibika?

Mara nyingi ni moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni koma: kitabu kinaandika 6,02 lakini kikokotoo kinataka nukta. La pili ni kitufe cha EXP, ambacho tayari kina maana ya "mara kumi kwa kipeo". Andika 6.02 EXP 23. Ukiandika 6.02 × 10 EXP 23, umezidisha kwa kumi zaidi.

La tatu linaumiza kuliko yote. Unataka kugawanya 1,20 × 10²³ kwa 6,02 × 10²³, unaandika vyote kwa × na 10 bila mabano, na kikokotoo kinagawanya kwa 6,02 tu, kisha kinazidisha kwa 10²³. Unapata kitu cha 10⁴⁵ badala ya 0,199. Tumia EXP, au weka mabano.

Kipimo cha akili: kiasi cha vitu vya maabara ya shule huwa kati ya sehemu moja ya elfu ya moli (0,001) na moli chache. Ukipata 10²³ pale ulipoulizwa moli, au 0,2 pale ulipoulizwa atomu, umekwenda kinyume.

13. Niandike tarakimu ngapi?

Fuata data yenye tarakimu chache zaidi. Kama swali limetoa gramu 12,7, jibu liwe na tarakimu tatu. Kata mwishoni, si katikati ya hesabu.

## Gesi

14. Lita 22,4 inatumika wapi?

Kwa gesi tu, na katika CNTP (hali ya kawaida ya joto na presha) tu: 0 °C na atmosfia 1. Hapo moli 1 ya gesi yoyote inachukua karibu lita 22,4, iwe haidrojeni nyepesi au dioksidi ya kaboni nzito.

Haihusu vimiminika wala vitu vigumu. Moli 1 ya maji ya bomba ni mililita 18, si lita 22,4. Na ukikuta kitabu kinachosema 22,7, kinatumia presha ya bar 1 badala ya atmosfia 1, kama IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, inavyopendekeza tangu 1982. Katika mtihani fuata thamani iliyotolewa kwenye swali.

15. Kwa nini jaribio letu la Lubumbashi linatoa gesi nyingi kuliko hesabu ya 22,4?

Kwa sababu hatuishi katika CNTP. Mji uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1 200 na presha ya hewa ni kama kilopaskali 88, si 101,3. Chumba nacho si 0 °C.

Tumia PV = nRT (P ni presha, V ujazo, n moli, T joto), na R = 8,314. Ukiweka presha kwa kilopaskali, ujazo unatoka kwa lita. Kwa 25 °C, yaani 298 K: 8,314 × 298 ÷ 88 = 28,2. Moli 1 ya gesi hapa inachukua karibu lita 28. Goma na Bukavu, zilizo juu zaidi, karibu na mita 1 500, ni kama lita 29. Tofauti hiyo ni zaidi ya robo ya 22,4. Mwalimu anayeacha wanafunzi walinganishe kipimo chao na 22,4 anawafanya wadhani wameharibu jaribio, kumbe wamepima vizuri.

Joto liwe la Kelvin. Ukiweka 25 badala ya 298, jibu linakuwa dogo karibu mara 12.

## Miyeyusho

16. Natengenezaje mililita 250 za sulfati ya shaba yenye 0,10 mol/L?

Moli unazohitaji: 0,10 × 0,250 = 0,025 mol. Geuza mililita kuwa lita kwanza. 0,10 × 250 inatoa moli 25, yaani kilo 6 na zaidi za fuwele. Gramu: 0,025 × 249,5 = 6,24 g.

1. Pima fuwele 6,24 g kwenye bika safi na kavu.
2. Ongeza maji yaliyosafishwa kama mililita 150, koroga hadi zote ziyeyuke.
3. Mimina kwa faneli kwenye chupa ya kipimo ya 250 mL, ile ya shingo nyembamba yenye alama moja.
4. Suuza bika na faneli mara mbili au tatu kwa maji kidogo, na maji hayo yote yaingie kwenye chupa. Rangi ya bluu iliyobaki kwenye bika ni moli zako.
5. Jaza hadi karibu na alama, malizia tone kwa tone, jicho likiwa sawa na alama.
6. Funga, pindua chupa mara kadhaa.

Usipime maji mililita 250 ukaongeza fuwele juu yake: ukolezi ni moli kwa lita ya myeyusho, si kwa lita ya maji. Na ukitumia 159,5 badala ya 249,5, utapima 3,99 g na kupata 0,064 mol/L. Myeyusho utakuwa bluu vilevile, na hakuna atakayegundua hadi majibu ya kazi nzima yapishane.

17. Viwandani wanasema gramu kwa lita. Nigeuzeje?

Gawanya kwa masi ya moli. Myeyusho wenye gramu 40 za shaba kwa lita una 40 ÷ 63,5 = 0,63 mol/L. Uliza kwanza gramu za nini: gramu 40 za shaba si gramu 40 za sulfati. Angalia pia herufi M, ambayo kwenye vitabu hubeba mzigo mara mbili, masi ya moli na ukolezi. Ukiandika g/mol na mol/L kila mara, hutachanganya.

18. Asidi ya sulfuriki (H₂SO₄) ya chupa imeandikwa 98 % na 1,84 (kilo kwa lita). Moli ziko wapi?

Lita moja ina uzito wa gramu 1840, na 98 % yake ni asidi: gramu 1803. Gawanya kwa 98, masi ya moli ya H₂SO₄: 18,4 mol/L. Kupata mililita 500 za 0,50 mol/L unahitaji moli 0,25, yaani 0,25 ÷ 18,4 = 0,0136 L, mililita 13,6.

Weka kwanza maji kama mililita 300, kisha ongeza asidi polepole ukikoroga, ukiwa na miwani na glavu. Kamwe usimwage maji juu ya asidi kali: yanachemka palepale na kuirusha usoni. Subiri ipoe kabla ya kujaza hadi alama, maana myeyusho wa moto umepanuka.

## Milinganyo

19. Ninahitaji asidi kiasi gani kwa gramu 22,1 za malakiti?

Cu₂CO₃(OH)₂ + 2 H₂SO₄ → 2 CuSO₄ + CO₂ + 3 H₂O

Namba za mbele ni moli, si gramu. Hili ndilo jambo ambalo, likieleweka, nusu ya makosa yote ya mada hii yanaisha.

Malakiti: 22,1 ÷ 221 = 0,100 mol. Asidi: mara mbili, 0,200 mol, yaani 0,200 × 98 = 19,6 g, au mililita 400 za myeyusho wa 0,50 mol/L wa swali la 18. Anayezidisha gramu 22,1 kwa 2 anapata 44,2 g, zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa.

Gesi inayotoka ni 0,100 mol ya CO₂: lita 2,24 katika CNTP, karibu lita 2,8 kwenye meza yako (swali la 15). Ukiikusanya juu ya maji utapata pungufu kidogo, kwa kuwa CO₂ huyeyuka ndani yake. Shaba iliyoingia kwenye myeyusho ni 0,200 mol, gramu 12,7.

20. Nimepewa masi za vitu viwili. Nianzie kipi?

Geuza vyote viwili kuwa moli, gawanya kila kimoja kwa namba yake ya mbele. Chenye jibu dogo ndicho kinachokwisha kwanza, na bidhaa yote inahesabiwa kutoka kwake.

Msumari wa chuma wa gramu 5,58 kwenye mililita 250 za CuSO₄ yenye 0,10 mol/L: Fe + CuSO₄ → FeSO₄ + Cu. Chuma ni 0,100 mol, sulfati ni 0,025 mol. Sulfati inakwisha kwanza. Shaba inayotoka: 0,025 × 63,5 = 1,59 g. Chuma kinachobaki: 0,075 mol, karibu 4,2 g. Chenye gramu chache si lazima kiwe ndicho kinachokwisha kwanza. Usihukumu kabla ya kugeuza.

21. Masi haipotei. Je, moli nazo hazipotei?

Moli zinaweza kupungua au kuongezeka. 2 H₂ + O₂ → 2 H₂O: moli 3 zinaingia, 2 zinatoka. Masi ni ileile, gramu 4 na 32 zikatoa 36. Kinachohifadhiwa ni atomu za kila elementi.

## Panapoleta utata

22. Hesabu ya asidi kwa tani ya mawe ni sahihi kiwandani?

Ni kima cha chini tu. Tani 1 ya mawe yenye shaba 3 %, yote ikiwa malakiti, ina kilo 30 za shaba, moli 472. Kwa mlinganyo wa swali la 19, kila moli ya shaba inataka moli 1 ya asidi: 472 × 98, karibu kilo 46. Lakini mawe mengi ya Katanga yana dolomiti, ambayo nayo ni kabonati na inakula asidi bila kutoa shaba yoyote. Kila moli ya CaMg(CO₃)₂ inachukua moli 2 za asidi. Shaba ikiwa katika sulfidi, mlinganyo huo hautumiki kabisa.

23. Kuna moli za elektroni?

Zipo, na ndizo zinazounganisha kemia na umeme. Moli 1 ya elektroni inabeba kulombu 96 485. Katika elektrolisisi, kama ile ya Shituru huko Likasi au Luilu huko Kolwezi, Cu²⁺ + 2 e⁻ → Cu: moli 1 ya shaba inadai moli 2 za elektroni, kulombu 192 970. Kwa mkondo wa ampea 10 hiyo ni sekunde 19 297, karibu masaa 5 na dakika 22 kwa gramu 63,5.

Anayesahau ile 2 anapata nusu ya muda. Na shaba inayopimwa kwenye kathodi (ncha hasi, inakojikusanya shaba) huwa pungufu kidogo ya hesabu, kwa sababu sehemu ya mkondo hutumika kwenye athari nyingine, kwa mfano kupunguza ioni za Fe³⁺ kuwa Fe²⁺.